Milimita Moja

Fermín Choquetijlla ameingia na bahasha kubwa kwapani,
ameifunga kwa uzi wa sufu kama mtu aliyeleta posa.
"Lama wawili, daktari," ananiambia. "Wazima.
Na mmoja alikuwa na mimba."
Hiyo ndiyo bei ya picha niliyomwagiza.

Sikio lake la kushoto linavuja tangu darasa la tatu:
usaha, pamba, usaha, pamba,
matone ya kila famasia kutoka Challapata hadi hapa Oruro.
Mkewe alishahamishia mto upande wa pili.
Na bado kila kanivali hupuliza tarumbeta kutwa kucha,
nyuma ya wachezaji waliovaa pembe za shetani,
kwa baridi hii isiyo na adabu.

Mwalimu wangu, mzee Urquidi, hakuagiza picha kamwe.
"Mfupa wenyewe utakueleza," alisema.
"Fungua, ufuate ugonjwa mpaka ulikokwisha,
kisha nenda kwako ukanywe chai."
Mikono yake ilikuwa na macho. Yangu ina vidole tu.
Lakini nilimwona, mara moja,
akitoka upasuaji bila kuvua glovu, akaketi benchi la koridoni.
Ndani, mwanamke wa miaka thelathini alikuwa anazinduka
na nusu ya uso iliyosahau kucheka.
Hatukulizungumza.
Chai ililetwa, ikapoa.

Naibandika filamu kwenye kisanduku cha taa.
Kichwa cha Fermín kimekatwakatwa vipande vyembamba
bila tone la damu.
Upande wa kulia mfupa una vishimo vya hewa,
kama mkate uliochachuka vizuri.
Kushoto hakuna vishimo. Kijivu, kijivu tupu.
Nyundo imebaki nusu.
Fuawe limelambwa lote.
Kikuku, sijui. Nakitafuta kama mtu anayetafuta sindano zuliani,
na picha hainijibu.

Maana haisemi yote, picha hii.
Usaha, kovu, ngozi iliyopotea njia ikaota mfupani,
vyote humo vimevaa koti moja.
Nimewahi kufungua kijivu cha kutisha nikakuta kamasi.
Na mtu mwenye kitundu kikavu tu kwenye kiwambo
simwagizi; nitakuwa ninamwibia mifugo yake.

Ila kipande cha arobaini na moja.
Hapo neva ya uso hupita ndani ya mfereji wake,
ukuta mweupe, mwembamba kama ganda la yai.
Naufuata kwa ncha ya kalamu.
Unakuja, unakuja,
unakatika.
Milimita moja, labda moja na nusu,
neva imelala uchi ndani ya ukungu ule,
palepale ambapo kesho ningekwangua
nikiamini nimeegemea mfupa.

"Umeona nini?"
Namwonyesha. Anasogea mpaka pumzi yake inatia ukungu kioo.
"Hapo ndipo usikivu wangu ulipo?"
"Hapana. Usikivu siwezi kukuahidi.
Hapo ndipo mdomo wako ulipo."
Ananyamaza. Anagusa pembe ya mdomo, ya kushoto,
penye sugu ndogo ya miaka ishirini ya tarumbeta.

Kesho saa moja asubuhi nitaingia kutokea nyuma, polepole,
na nikifika karibu na kile kipande
nitaweka chombo kikali chini, nichukue butu.
Hilo tu ndilo lama wawili walilonunua:
mahali pa kupunguza mwendo.

Anasimama, anaikunjua mikono ya koti lake.
"Picha nitarudishiwa?"
Namwambia kesho naihitaji ukutani.
Kesho kutwa ni yake.
Anatikisa kichwa kama aliyekubali mkopo,
ananiachia bahasha, uzi anautia mfukoni.

Koridoni namsikia akijaribu midomo, bila tarumbeta:
prrr.
Kimya.
Prrr.